Naombeni ushauri: aliyepiga simu ya msaada nimemtambua sauti

Binti Makole: Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma, najitolea kupokea simu za kinamama wanaofanyiwa ukatili. Tulifundishwa kusikiliza bila kuhukumu, usimpangie mtu maisha, na anayoyasema yasitoke nje. Juzi usiku dada kapiga analia kwa kunong'ona, mumewe kampiga hadi jicho limevimba, hajamaliza hata kueleza nikamjua sauti. Yeye hajanijua, tunatumia majina ya kazi. Tangu siku ile usingizi sina. Nikae kimya au?

Mzabibu: Unajitolea bila mshahara kwa Dodoma hii ya sasa, kodi za nyumba zilivyopanda tangu serikali ihamie? Tafuta kazi dada.

Mama Kibaigwa: Pole mwanangu. Mimi nilienda Dawati la Jinsia polisi nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, nikatibiwa, kesho yake wazee wa ukoo hao, tuyamalize nyumbani, nikakubali kwa ajili ya watoto na akarudia tena vibaya zaidi. Aende hospitali kwanza, zile zenye kituo cha mkono kwa mkono daktari, polisi na ustawi wa jamii anawakuta sehemu moja.

Mzee wa Kondoa: Ndoa ni uvumilivu. Mambo ya chumbani hayapelekwi kwenye simu.

Wakili Mtaani: Mzee shikamoo, ila Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Mleta uzi, mbona unazunguka? Huyo dada ni nani kwako?

Binti Makole: Ni wifi yangu. Anayempiga ni kaka yangu wa tumbo moja, na ndiye aliyenisomesha.

Mzabibu: Duh.

Wakili Mtaani: Na umeshafanya nini? Maana hapa hujaja kuuliza, umekuja kutafuta wa kukuunga mkono.

Binti Makole: Nimemtumia nauli kupitia simu ya rafiki yangu, kesho apande basi Nanenane aende kwao Singida. Siri sijatoa, sijamtajia mtu yeyote alichosema. Mngekuwa nyie mngelala mkisubiri auawe?

Kobe Mjanja: Chai hii wakuu. Mpigaji hajataja jina, namba ya kumtumia pesa umeitoa wapi? Na akaunti yako imefunguliwa leo.

Binti Makole: Namba ya wifi yangu niwe sina? Akaunti yangu ya zamani kaka anaijua, ndio maana nimefungua hii.

Mzabibu: Kobe kanyweshwa chai yake mwenyewe 😂

Wakili Mtaani: Chai au si chai, kuna mtu anaisoma hii yuko kwenye hali hiyo hiyo. Mwanamke anapojaribu kuondoka ndipo hatari inapopanda, sasa wewe umempangia safari hajui hata nani kamtumia. Mwambie msimamizi wako leo, simu zake azipokee mwenzako. Kwa kaka yako usiguse kabisa.

Binti Makole: Msimamizi nitamwambia. Nauli siirudishi.

Mama Kibaigwa: Hakuna aliyesema uirudishe. Nauliza, simu ya wifi yako mumewe huwa anaishika? Mimi meseji ya pesa aliyonitumia dada yangu mume wangu ndiye aliisoma kwanza.

Binti Makole: Anaishika.

Mama Kibaigwa: Basi toka humu, mpigie msimamizi sasa hivi.