Jahazi kuukuu limekauka mchangani: tuanze na mataruma, kalafati au faiba?

MchangaWaShela

Assalaam aleikum mafundi. Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Lamu. Tumekabidhiwa jahazi la zamani la futi 40, limelala mchangani Matondoni muda mrefu. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, tumeugonga kwa nyundo, mlio wake mkavu wa mbao nzima isipokuwa karibu na fashini, mti unaosimama kwenye ncha yake. Mataruma 9 (mbavu za ndani) ya upande mmoja yamelainika, misumari imeliwa na kutu, na kuna mianya baina ya mbao, mahali pengine kidole kinaingia. Tunataka lisafiri kwa tanga na kufundishia vijana, si kuwa pambo la ufukweni. Kuna anayetushauri tulivike faiba nje yote tumalize. Mwingine anasema kalafati kwanza, yaani kuziba mianya kwa pamba. Kipi kianze, na pamba tununue kiasi gani?

TezoNaKeke

Waaleikum salaam. Hakuna kinachoanza kati ya hivyo vitatu. Anzeni na umbo lake.

Chombo kilicholala mchangani muda mrefu huinama omo (mbele) na tezi (nyuma), katikati kukapanda. Vuteni uzi kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku mpime umeachana nao wapi na kwa kiasi gani. Kisha wekeni magogo chini ya mkuku kila mita moja na nusu, magadi (miti ya kukiegemeza) pande zote mbili, mpandishe ncha kwa kabari kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mkiharakisha, mbao zitapasuka penye misumari. Mkibadilisha mataruma kabla ya hapo, mtakuwa mmelifunga jahazi katika upogo wake, na upogo huo hautoki tena.

Wakati huohuo lifunikeni kwa makuti, kwa kuwa jua ndilo linalopanua mianya. Tandikeni magunia juu ya mbao myamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Maji ya mvua yasituame ndani hata kidogo. Maji matamu ndiyo yanayoozesha, ya chumvi huhifadhi.

Mataruma: badilisheni moja, rukeni moja. Mkiyang'oa yote 9 pamoja, ubavu utafunguka na hamtaurudisha. Kigezo kichongeni kwa ubao mwembamba mkikipima ndani ya chombo chenyewe, wala msinakili upande wa pili. Majahazi yetu huchongwa kwa macho, na pande mbili hazilingani kabisa. Mti uwe na kombo la asili, nyuzi zake zifuate mpindo. Ukikata mpindo kwenye gogo lililonyooka, nyuzi hukatika pale penye kona, na taruma huvunjikia hapohapo siku ya mawimbi. Mkitaka mkoko, kibali cha Huduma ya Misitu kwanza.

Misumari: iliyochovywa zinki. Toboeni kwa keke tundu jembamba kidogo kuliko msumari, zungusheni pamba yenye sifa (mafuta ya papa) chini ya kichwa, na ncha ikitokeza ndani ikunjeni juu ya taruma. Msichanganye na ya shaba wala ya chuma kisichoshika kutu. Ndani ya maji ya chumvi, ile ya zinki ndiyo itakayoliwa kwanza. Maungio ya mbao mbili zinazopakana yapisheni angalau mataruma matatu.

Kalafati ndiyo ya mwisho. Pamba msihesabu kwa kilo, hesabuni mianya: jahazi la mita 12 lenye mistari 14 kila upande ni kama mita 340, ongezeni maungio, nunueni ya mita 400. Isokoteni iwe nene kidogo kuliko mwanya, itieni sifa, igongeni hadi ijae theluthi mbili ya kina. Msiikaze kwa nguvu zote. Ubao uliokauka utavimba majini, na pamba iliyokazwa haina pa kwenda, hivyo ubao ndio utakaong'oka kwenye taruma. Penye mwanya wa kuingia kidole baada ya kulowesha, pamba haifai. Tieni ukanda wa mbao, gundi upande mmoja tu.

KusiNaKaskazi

Faiba waacheni nayo wenye boti za faiba. Mbao hupanuka na kusinyaa, faiba haifuati. Hubanduka, unyevu ukanaswa katikati, na kuoza kukaendelea mahali msipopaona. Nje linang'aa, ndani unga.

Kushua, yaani kuliteremsha majini: ngojeni bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Litavuja, na hiyo ni kawaida. Lifungeni penye maji machache, pampu mbili na watu wa zamu usiku, mpaka mbao zivimbe. Halafu lipandisheni mkague kalafati upya.

Mlingoti uegemee omo. Farumi, yaani uzito wa kulituliza jahazi, iwe viroba vya mchanga vilivyofungwa, vikae juu ya mbao za ndani, si ngamani, kule chini maji yanakotuama. Kiroba kikipasuka mchanga huziba pampu. Ugumu kwa wanafunzi ni kugeuza: jahazi huelekeza tezi kwenye upepo, foromali (boriti inayobeba tanga) isimamishwe na kupitishwa upande wa pili wa mlingoti. Demani, kamba ya kushikia tanga, ikiponyoka hapo, tanga humpiga aliye njiani. Wafundisheni nanga ikiwa chini kwanza. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, msiwatoe nje ya mkondo baina ya Lamu na Manda, kwa kuwa mlango wa Shela umeelekea huko mawimbi yanakotoka. Na kabla ya kupakia mtu yeyote, ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari na maboya ya kuokolea kwa kila kichwa.

MchangaWaShela

Shukrani sana. Na deheni, au rangi ya dukani?

TezoNaKeke

Deheni kwenye sehemu ya chini ya maji: chokaa iliyochekechwa na shahamu iliyoyeyushwa, nzito kama uji, ipakwe ikiwa vuguvugu juu ya mbao kavu. Kabla ya kupaka, pitisheni moto wa makuti chini ya chombo kuua wadudu watoboa mbao, mtu mwenye ndoo ya maji akisimama karibu. Rangi ya dukani hukaa muda mrefu zaidi, kweli, lakini deheni huonyesha palipobanduka, na kila mwezi chombo kikipandishwa kupakwa upya kinakaguliwa hata kama hamkupanga.