Tuwafundishe watoto "Mkondo wa Zanzibar" au "Mlango wa Zanzibar"?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha darasa la saba hapa Kigoma, na wiki hii nimekwama katika jambo nililodhani ni dogo. Maji yanayotenganisha kisiwa cha Unguja na Tanzania Bara nimeyakuta yakiitwa "Mkondo wa Zanzibar" katika ramani moja, "Mlango wa Zanzibar" katika nyingine, na "Mfereji wa Zanzibar" katika daftari la mwanafunzi aliyehamia kwetu mwaka huu. Nilipoanza kueleza, binti mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi aliniuliza: ikiwa maji membamba yaliyo kati ya nchi mbili ndiyo mlango wa bahari, kwa nini Ziwa Tanganyika lisiitwe hivyo, ilhali siku ya anga safi tunaiona milima ya Kongo ng'ambo? Upana wa ziwa letu ni wastani wa kilomita 50, na maji yale ya Unguja, pale yanapobana zaidi, hayafiki hata 40. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na sitaki kumrudia na jibu la kubahatisha. Naomba msaada wenu.

Mstaafu wa Isevya (Tabora)

Mwalimu, nilifundisha somo hilo kwa miaka mingi, nami naona binti huyo amegusa kiini chake. Upana si hoja. Mlango wa Msumbiji, ulio kati ya Msumbiji na Madagaska, una takriban kilomita 400 mahali unapobana zaidi, na Bosporus kule Uturuki haifiki hata kilomita moja mahali pembamba kabisa, lakini yote miwili ni milango. Kinachoyapa maji jina hilo ni kwamba yanatenganisha nchi kavu mbili na papo hapo yanaunganisha maji mawili makubwa, kinyume kabisa cha shingo ya nchi, ambayo huunganisha nchi na kutenganisha maji. Mwambie afikirie mtumbwi unaotoka Kibirizi kuelekea kusini: utafika Mpulungu, Zambia, na hapo ziwa limekwisha. Ukigeuka kaskazini utaishia upande wa Bujumbura. Lakini jahazi linalotoka Dar es Salaam na kupita kati ya Bagamoyo na Unguja litatokea tena kwenye bahari iliyo wazi. Mlango ni lazima uwe na pande mbili za kutokea.

Tena mnao mfano wa karibu zaidi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliichukulia Ubwari, ile nchi inayochomoza ndani ya ziwa upande wa Kongo, kuwa ni kisiwa. Ingekuwa kisiwa kweli, maji ya nyuma yake yangekuwa mlango mdogo wa ziwani. Kwa kuwa Ubwari imeshikamana na nchi kavu upande mmoja, maji yale ni ghuba tu.

"Mfereji" ulifute bila kusita, kwa maana mfereji huchimbwa na watu, kama ule wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Na "mkondo" nao ningeuacha, kwa sababu mkondo ni maji yanayokwenda, si mahali. Mtoto akiulizwa kama Mkondo wa Msumbiji ni wa joto au wa baridi, atajuaje kwamba anaulizwa juu ya maji yanayotiririka kuelekea kusini kando ya pwani ile, wala si juu ya bahari nzima hadi Madagaska?

Mzaliwa wa Mkokotoni (Ujiji)

Assalamu alaykum. Nimeishi Ujiji tangu nilipooa, lakini nimezaliwa na kulelewa kaskazini mwa Unguja, na hapo kwenye "mkondo" naomba kutofautiana na mzee wangu wa Tabora kwa heshima zote. Kwetu watu husema mkondo wa Nungwi wakiwa na maana ya mahali, na kila anayesafiri baina ya Unguja na Pemba anapajua. Maji ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda kwa nguvu sana, na kaskazi inapovuma hupungua kasi. Baharia hawezi kupatenga mahali pale na mwendo wa maji yake, kwa kuwa mwendo huo ndio unaomwamulia kama avuke leo au asubiri. Jina hilo limetokana na kazi, na nisingependa mtoto aambiwe kwamba babu zetu walikosea.

Jambo jingine ambalo ramani haionyeshi ni kina. Kati ya Unguja na Bara maji ni ya kina kifupi, makumi machache ya mita kwa sehemu kubwa. Takriban miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa mita zipatazo 120, pale palikuwa nchi kavu, ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na hadi leo ina kima punju. Pemba haikuwa na chui, kwa kuwa kati yake na Bara kuna kilindi cha zaidi ya mita 700, chenye nduwaro na samaki wengine wa maji makuu. Ukitazama ramani utadhani milango hii miwili ni ndugu, lakini Unguja ni kipande cha Bara kilichozungukwa na maji juzi tu, na Pemba ilijitenga zamani mno.

Mstaafu wa Isevya (Tabora)

Ndugu yangu wa Mkokotoni, nimekuelewa na ninarudi nyuma hatua moja. Sikusudii kuwasahihisha mabaharia. Ninachokihofia ni mtihani, ambao haumpi mtoto nafasi ya kueleza. Hata Waarabu waliona mlango, kwa maana Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, tafsiri yake ni mlango wa maombolezo.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru sana wazee wangu. Kesho ubaoni nitaandika "Mlango wa Zanzibar" kuwa jina la mahali, na ndani yake nitachora mishale ya kuelekea kaskazini na kuiandika "mkondo". Binti wa Kibirizi nitamwomba aichore Ubwari kando yake, kwanza ikiwa kisiwa, kisha kama ilivyo.