Electric Circus ya Common: rapa alipotea njia au ni sisi tuliokataa kumsikiliza?

Wakuu, kila ikitajwa Electric Circus mjadala unaenda pale pale, hawa wanasema jamaa alichanganyikiwa, wale wanasema aliwahi mno. Mimi nasimama na hii albamu, ila sio yote.

Kwa ambao hawakuifuatilia: Common ni rapa wa Chicago, ndiye yule wa I Used to Love H.E.R. ya 1994, ngoma inayoizungumzia hiphop kama mwanamke aliyempenda halafu akaharibika. Mwaka 2000 akatoa Like Water for Chocolate, watu wakaikubali sana, halafu Desemba 2002 ndio anakuja na hii, magitaa yananguruma, sinthesaiza, soul na rock humo humo, kuimba kwingi, kuna ngoma inavuka dakika 10. Wakosoaji wakagawanyika na mauzo yakashuka. Iliyofuata, Be ya 2005, akarudi kwenye biti za sampo (vipande vya nyimbo za zamani) na Kanye West, wengi wakashusha pumzi.

Sasa kinachonikera ni hiki. Studio ni Electric Lady ya New York, ile aliyoijenga mpiga gitaa Jimi Hendrix, na watu ni akina Questlove kwenye ngoma, James Poyser kwenye kinanda, prodyuza J Dilla, Pino Palladino kwenye besi. Ni kundi lile lile, studio ile ile, ndiko ilikotoka Voodoo ya D'Angelo na Mama's Gun ya Erykah Badu, zote za 2000, na hizo mpaka leo tunazisifia. Yaani mwimbaji wa soul akivuruga mpangilio wa ngoma anaitwa fundi, rapa akifanya hivyo hivyo kapotea?

Na lawama zote kabebeshwa Badu kwa sababu yeye na Common walikuwa wapenzi, ati kambadilisha mpaka mavazi. Mtu ameshatoa albamu nne kabla ya hapo, leo aonekane hana akili yake? Mbona hakuna anayemlaumu Questlove.

Wanaosema kaacha kuchana naomba warudi kwenye Between Me, You & Liberation. Kiitikio anaimba Cee-Lo, taratibu kabisa, na Common anapita na visa vitatu: mwanamke aliyeumizwa utotoni, shangazi anayekufa kwa kansa, halafu rafiki anayemwambia kwamba ni shoga. Kumbuka huyu ni mtu ambaye huko nyuma alikuwa anawatusi mashoga kwenye mistari yake. Hapa anasikiliza, anashtuka, anajiuliza mwenyewe. Kubadilika kwa namna hiyo mbele ya mashabiki wa rap wa 2002 kulitaka moyo, na kwangu ndio kilele cha albamu.

Jimi Was a Rock Star siitetei. Zaidi ya dakika 8 anaimba na Badu, sauti ya Common haibebi, maneno yanajirudia tu. Hapo mkosoaji akisema kazidisha, yuko sahihi.

— Mkuu la Badu nakuunga mkono asilimia mia. Ila la wasikilizaji kukataa rapa abadilike sikubaliani nalo. Mwaka mmoja tu baadaye, 2003, rapa André 3000 kaja na The Love Below, karibu yote anaimba, na ile kazi ya OutKast, kundi lake na Big Boi, ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka. Watu walimpokea vizuri tu. Tofauti ni kwamba André alikuwa na ngoma zinazoshika, Common alikuwa na mawazo mazuri yasiyo na kiitikio. Come Close aliyofanya na Mary J. Blige inashika, ukitoka hapo unahangaika.

— Hoja nzito hiyo ndugu yangu, lakini usisahau The Love Below haikuja peke yake, ilifungwa pamoja na Speakerboxxx ya Big Boi, kwa hiyo aliyetaka rap alipewa rap yake kamili na akaondoka ameridhika. Common hakuwa na upande wa pili wa kumtuliza msikilizaji. Na hilo la viitikio, New Wave unaiweka wapi? Gitaa linakwaruza, Common anachana kwa hasira, ghafla inaingia sauti ya Laetitia Sadier wa bendi ya Stereolab, laini, kama ngoma nyingine kabisa, na bado vinakaa pamoja. Mimi hicho kiitikio kilinishika siku ya kwanza. Sasa niambie, The Love Below ingetoka bila Big Boi ingepokelewa vile? Na tafadhali usinijibu kwa Hey Ya!, ile ngoma yake iliyovuma, peke yake.