Madogo mnaochati mkiwa kwenye usukani, mtatuua kwa ajili ya "umekula?"

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira. Nimesubiri siku tatu zipoe ndiyo niandike, hazijapoa. Kwa hiyo wale wa "mtoa mada punguza jazba" leo naomba mpite kimya kimya.

Jumanne asubuhi gari langu liko gereji, nikaita usafiri kwa simu, natoka Tegeta kwenda Mwenge. Ikaja IST safi, imepuliziwa manukato mpaka unapiga chafya. Dereva kijana, kwa kumkadiria miaka 22 au 23, mstaarabu, shikamoo kanipa, mkanda kaniambia nifunge. Nikakaa mbele, nikajisemea leo nimepata dereva.

Hatujafika hata Afrikana simu yake ikaanza. Tii! Anaangalia. Tii! Anaangalia. Ya tatu akaichomoa kwenye kishikizo chake, akailaza juu ya usukani, akaanza kuandika kwa dole gumba. Gari linatembea, kushoto bodaboda, kulia lori la mchanga.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo meseji itasubiri."

Akanijibu bila kugeuka, "Usijali mkubwa, nimezoea."

Nimezoea! Hilo neno nitalirudia baadaye.

Tukafika Tangi Bovu. Upande wa kushoto daladala imesimama kwenye zebra. Kila anayejua kuendesha anajua daladala ikisimama pasipo na kituo, konda hashuki wala haiti abiria, maana yake kuna mtu anavuka mbele yake ambaye wewe humuoni. Mimi niliiona. Aliyeshika usukani hakuiona, alikuwa anatafuta herufi. Nilichopiga si kelele, ni yowe la msibani. Akakanyaga breki, matairi yakalia, simu ikaruka ikaangukia miguuni kwangu.

Mbele ya bampa kasimama mtoto wa kike, sketi ya bluu, darasa la pili au la tatu hivi. Kati yake na sisi isingepita ndoo ya lita 10. Mkono ameunyoosha juu, kama walivyomfundisha shuleni, kwamba ukivuka nyoosha mkono ili dereva akuone. Hakulia. Aliinama akaokota chupa yake ya maji iliyodondoka, akamaliza kuvuka, mkono bado uko juu.

Na dogo akasema nini? "Hawa watoto nao!"

Nikaangalia chini. Simu bado inawaka. Nakiri nilisoma, mnilaumu. Juu kumeandikwa "Umekula?" Na yeye alikuwa amefika kwenye "Bado bby nita". Hapo ndipo mtoto wa watu alipokuwa afie, baada ya "nita". Nikalipa hela yote, nikashuka, nikapanda daladala, mikono inatetemeka mpaka konda akaniuliza kama naumwa.

Sasa tupige hesabu, maana najua kuna mtu atakuja kuniambia "ni sekunde tu mkuu". Gari likiwa kwenye 50, ile 50 ya maeneo ya makazi ambayo sote tunailalamikia kuwa ni mwendo wa kobe, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kusoma "umekula?", kutabasamu, kuanza kujibu, weka sekunde 5 kama una kidole chepesi. Mita 70. Ukianzia golini pale kwa Mkapa, mita 70 zinakuvusha katikati ya uwanja na unalisogelea boksi la wapinzani. Sasa ujaze huo uwanja wanafunzi, wauza karanga, bajaji zinazokatiza na mama mwenye beseni la samaki kichwani, halafu fumba macho upite katikati yao na tani moja ya chuma. Huko Chalinze ukiwa kwenye 80, sekunde hizo hizo 5 ni mita 110 na kitu, goli hadi goli na unatokea nyuma ya nyavu. Na hapo breki bado hujaigusa, ndiyo kwanza unainua macho.

Turudi kwenye "nimezoea". Umezoea nini? Kuandika bila kugonga? Hujazoea wewe, ni wenzako waliozoea kukukwepa. Bodaboda aliyepinda, lori lililopunguza mwendo, mama aliyerudi hatua moja nyuma: hao wote walifanya kazi yako wakati wewe unaandika "bado bby". Siku moja unakutana na mtu wa miaka 8 ambaye hajajua kukwepa, anachojua ni kunyoosha mkono.

Wengine mtasema mbona nawaandama vijana, wazee nao si wanachati? Wanachati, na nitafika huko. Lakini mzee aliyesukuma lori miaka 20 njia ya Tunduma, akiona daladala imesimama vile, mguu unahamia kwenye breki kabla hata hajajua kwa nini. Ile haifundishwi kwa wiki chache za shule ya udereva, inaingia mwilini taratibu kwa miaka. Dogo mwenye leseni ya miezi minane anayahitaji macho yake yote mawili na akili yote, yeye ameshagawa nusu. Na wanaozikwa ni wao wenyewe na rika lao. Shirika la Afya Duniani linasema kinachoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani ni ajali za barabarani. Tunawakinga na kila gonjwa mpaka wanakua, tunawakabidhi ufunguo wa gari, basi.

Shirika hilo hilo linasema dereva anayetumia simu anakuwa kwenye hatari ya kupata ajali takriban mara 4 ya asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika simu hakupunguzi hatari kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo wale wa "mimi natumia bluetooth", na nyie bodaboda mnaochomeka simu ndani ya helmeti ikabana sikio, msijitoe kwenye huu uzi. Macho yako Morogoro Road, akili iko Mbagala unagombana na mtu kuhusu hela ya kikoba.

Mimi si malaika. Mwaka jana kwenye foleni ya Mwenge nilikuwa nasoma kundi la ukoo, mambo ya michango ya harusi, gari likajiburuta lenyewe likambusu mwenye bajaji nyuma. Nikalipa taa yake elfu 40 na aibu juu, watu wanachungulia. Foleni haitembei kabisa na bado niligonga! Tangu siku hiyo simu yangu inakaa kiti cha nyuma, ndani ya begi. Siku ya kwanza inawasha mkono kama umeacha sigara. Ya tano umesahau.

Sasa trafiki wetu. Nawaheshimu, wanasimama juani kutwa. Lakini nguvu yote imeenda kwenye tochi, na tochi inapima mwendo. Yule dogo hakuwa anakimbia, tochi ingempa saluti apite. Mabasi ya mikoani yamefungwa VTS, kile kifaa cha kufuatilia gari cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, sawa, nayo inaona mwendo. Macho ya dereva yako wapi, haioni. Vioo vya giza, simu iko chini kwenye paja, askari aliyesimama ng'ambo atajuaje? Na hata akimkamata, faini elfu 30, inatoka namba ya malipo, inalipwa kwa simu ile ile, safari inaendelea.

Hilo ndilo linaloniuma. Elfu 30 inamuuma baba yake au bosi wake. Dogo mwenyewe anachokiogopa ni kimoja tu: kunyang'anywa gari na leseni. Mdogo wangu yuko Leicester, ananiambia kule ukikutwa umeshika simu unaendesha ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Dereva wa zamani atalia na pauni zake. Lakini dereva mpya, aliye ndani ya miaka 2 tangu apate leseni, akifikisha hizo pointi 6 leseni inafutwa. Meseji moja! Anarudi kwenye leseni ya kujifunzia, anabandika tena ile alama ya L, anafanya mitihani upya. Sisemi tuige kila kitu cha Uingereza, mvua yao wabaki nayo. Hili tuige. Kijana akijua "bado bby" inaweza kumrudisha kupanda daladala mwaka mzima, atajifunza kusubiri.

Na hizi programu za kuita magari nazo zinajua zinachofanya. Ombi la abiria linaingia dereva yuko katikati ya barabara, ana sekunde chache akubali la sivyo linaenda kwa mwingine. Ukimpa kijana mwenye hesabu ya bosi ya kila siku chaguo la kuangalia barabara au kuangalia hela, unataka achague nini? Niliripoti kwenye ile niliyotumia mimi. Nikajibiwa kwa haraka ya ajabu: asante kwa maoni yako, tunajali usalama wako, tafadhali mpe dereva nyota. Nikampa moja kwa sababu sifuri haipo.

Wazazi mnaompa mtoto gari kwa sababu amemaliza form six, halafu saa mbili usiku mnampigia "uko wapi, mbona hupokei", mnataka apokee akiwa wapi? Mnajua yuko barabarani, nyie ndiyo mmemtuma mkate. Na wewe bby wa upande wa pili, umetuma "umekula?", hajajibu dakika mbili, unatuma alama tatu za kuuliza, kisha "ok", kisha "umeona ukaniacha na tiki za bluu". Mwanaume wa watu anatokwa jasho kwenye usukani. Jifunzeni kuuliza swali moja kwanza: uko kwenye gari? Akisema ndiyo, njaa yake itasubiri.

Abiria nao tuache unafiki. Daladala nzima watu 30 tunamuona deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, anachati, tunatazama dirishani. Mmoja akisema, wengine wanamwambia "si ushuke basi". Nimeambiwa hivyo mara mbili. Halafu tukigonga wote tunakuwa mashahidi wa maneno mengi.

Kisha msibani. Jamani, msibani! "Ni mipango ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika." Nimezika binamu yangu kwa maneno hayo, dereva wa bajaji iliyomgonga alikuwa anarekodi sauti ya WhatsApp, na anayezungumza kwa niaba ya familia akasema kazi ya Mola haina makosa. Haina, kweli. Ila Mola hakurekodi sauti. Ile bajaji ilikuwa na mtu, na yule mtu alikuwa na simu, na mpaka leo nasikia anaendesha njia ya Bunju.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana saa kumi jioni nikapigiwa na namba nisiyoijua. Nikapokea.

"Mkubwa shikamoo. Mimi yule dereva wa Jumanne."

Nikamwitikia. Nikadhani ameguswa, anataka kuomba radhi, moyo ukalainika kidogo.

"Mkubwa, ile nyota moja umeniumiza sana. Wastani umeshuka, maombi hayaji. Naomba uibadilishe, mimi bado kijana natafuta."

Nikawa natafuta maneno ya kumjibu kiutu uzima. Hapo hapo nikasikia nyuma yake indiketa inagonga, tik, tik, tik, na lori linapiga honi ndefu.

Nikamuuliza, "Dogo, uko wapi sasa hivi?"

"Niko barabarani mkubwa, usijali, nime..."

Nikakata.