Kwaya na Majirani, makazi ya wakimbizi Nakivale, Uganda: maandalizi ya Jumapili

Maestro 17:42
Bwana asifiwe wapendwa. Komandanti wa makazi amekubali. Jumapili baada ya ibada tunaenda Kabazana, kule mapokezi, kuimba na wageni waliofika. Saa nane hadi saa kumi. Vyombo vyote: gitaa mbili, besi, kinanda, kayamba, ngoma.

Dada Soprano 17:43
Amen!! Haleluya 🙌🏾

Kijana wa Kinanda 17:50
Maestro, betri ya sola itabeba kinanda na maiki moja. Besi ikiingia, moto unakata kabla ya wimbo wa nne. Si tuchukue spika na flashi tu? Muziki utatoka safi.

Mama Furaha 17:58
Mwanangu, hapana. Wale watu wanalala chini ya paa moja na wasiowajua. Asubuhi foleni ya uji, kisha foleni ya maji, kisha foleni ya alama za vidole. Mtu akianza kulia katikati ya ubeti, gitaa linaweza kurudi nyuma na kuzunguka palepale taratibu mpaka apate pumzi. Flashi inaendelea tu na safari yake.

Mzee wa Besi 18:03
Ni vile. Na mgeni akiwa na wimbo wa kwao, tunamtafutia toni palepale. Mnamkumbuka yule baba wa Masisi, kule Congo, aliyeanzisha pambio kwa Kihunde? Hatukujua hata neno moja, lakini kwenye mstari wa pili besi ilikuwa imeshamkuta. Akamwinua mtoto wake, wakasimama wote wawili kuimba.

Kijana wa Kinanda 18:05
Nimeelewa, Mzee. Basi besi tuiunganishe nyimbo tatu, zingine ngoma ibebe.

Maestro 18:09
Vizuri. Sasa ule wimbo mpya. Teno, weka ubeti wa tatu wote wauone.

Kaka Teno 18:11
_Machozi yamekwisha, mizigo imefungwa,_
_mwaka huu wa neema tutapanda ndege!_

Dada Soprano 18:11
Yaya huo ni moto 🔥🔥

Mama Furaha 18:15
Mnisamehe. Huo mimi sitauimba.

Kaka Teno 18:16
Kwa nini Mama? Ni imani. Watu wamechoka, wanataka kutiwa moyo.

Mama Furaha 18:27
Hapa Nakivale wakimbizi wanapokelewa tangu 1958. Kuna waliozeeka hapa, na wanampenda Mungu kuliko mimi na wewe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, majirani zetu wengine walikuwa wameshauza mbuzi na magodoro wakisubiri tarehe. Unakumbuka tulivyobaki wachache kwenye mazoezi? Sasa mtu ametoka Bunagana, mpakani mwa Congo, juzi, nguo zake ni zile alizovaa. Tukimwimbia ndege ya mwaka huu, tunamwahidi kitu kisicho mikononi mwetu. Mwaka ukiisha hatatukasirikia sisi. Atamkasirikia Mungu.

Mzee wa Besi 18:29
🙏🏾 Mama amesema.

Mama wa Ngoma 18:34
Na sisi Warundi mngetuweka wapi kwenye huo ubeti? Ninyi Wakongo mnapokelewa kwa kundi. Sisi tangu 2017 kila mmoja anasikilizwa peke yake, kesi inaenda kwa kamati, unakaa na karatasi ya mwomba hifadhi ukingoja jibu. Mimi nataka kuimba kwamba Mungu ananijua hata kabla ya hilo jibu. Hapo nitapaza sauti bila kujizuia.

Kaka Teno 19:20
Nimewasikia wamama. Nimekaa na gitaa, imekuja hivi:

_Jina langu halijaitwa dirishani,_
_wewe walijua tangu tumboni._
_Nikikaa kungoja, kaa nami,_
_nikiondoka, nitangulie njiani._

Mama Furaha 19:22
Huo naimba. Aksanti mwanangu. Shusha toni kidogo, alto tufike.

Mama wa Ngoma 19:23
Umenitoa machozi wewe. Mstari wa tatu turudie mara mbili.

Mama wa Ngoma 19:26
Jambo jingine. Ngoma ya kati naomba apige binti yangu.

Mzee wa Gitega 19:31
Dada, unajua kwetu ngoma zile ni za wanaume.

Mama wa Ngoma 19:38
Najua, Mzee wangu. Najua pia kwamba Oktoba 2017 ilitoka amri kule nyumbani kuwakataza wanawake kuzipiga, wakaachiwa kucheza tu. UNESCO iliandika ngoma zetu kuwa urithi wa wanadamu wote mwaka 2014. Binti yangu alivuka mpaka mgongoni mwangu, Burundi haikumbuki. Mapigo yale ndiyo nchi anayoijua. Nikimnyima, atabaki na nini cha kwao?

Mzee wa Gitega 19:52
Desturi hiyo nimekulia ndani yake na naiheshimu mpaka leo. Lakini mtoto huyo nimemsikia. Anashika mapigo kuliko wavulana wetu wote. Jumapili nitakaa kando yake nimwanzishie.

Mama wa Ngoma 19:53
Mungu akuzidishie miaka, Mzee 😭🙏🏾

Jirani wa Dukani 20:01
Asalaam aleikum majirani. Kule mapokezi kuna ndugu zetu Wasomali pia. Naomba saa kumi mtulie kidogo kwa ajili ya adhana ya Alasiri. Chai na maandazi nitaleta mimi, ya watoto wote.

Maestro 20:04
Waaleikum salaam jirani, aksanti sana. Tutamaliza saa kumi kasoro robo. Waliobaki tukae pamoja tunywe chai.

Dada Soprano 20:06
Nani ana boda ya kubeba kinanda? Barabara ya Kabazana ina mashimo, kifungwe kwenye godoro.

Kijana wa Kinanda 20:07
Mimi na binamu yangu. Betri naichaji kuanzia kesho asubuhi.

Maestro 20:10
Kesho mazoezi saa kumi na moja. Alto na wapiga ngoma mtangulie nusu saa, ubeti wa tatu unaingia bila vyombo na lazima tuushike.