Naomba ushauri: maonyesho ya magazeti ya zamani maktabani

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu, upande wa nyaraka za zamani. Tunataka kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, kwa kuonyesha magazeti ya enzi za mkoloni: Mambo Leo lililoanza 1923, na Kwetu la 1937.

Shida kubwa ni karatasi. Jana nilifungua jalada moja, kona ya ukurasa ikabaki kidoleni kama jani kavu. Iliniuma sana. Nikiyafungia kwenye kabati la kioo, mgeni ataona ukurasa mmoja tu. Nikitoa fotokopi, je, watu watakuja? Mimi naamini mtu akiliona gazeti lenyewe, lile alilosoma babu yake, hasahau.

Halafu mahudhurio. Mwaka jana tuliandaa usomaji wa mashairi, tukapanga viti hamsini, wakaja watu tisa. Tangazo lilikuwa ubaoni tu, na wanafunzi walikuwa kwenye mitihani.

Mliowahi kuandaa shughuli kama hii, mlifanyaje? Na mwanga wa taa niudhibiti vipi? Zimebaki wiki tano, naombeni msaada wenu.