Viazi vyetu Wundanyi vimeungua na ugonjwa wa blaiti, kuna mbegu inayohimili?

MamaKarai_Kisauni: Asalaam aleikum jamani. Mie nauza viazi karai hapa Kisauni ila shamba liko Wundanyi, milima ya Taita, kwa mamamkwe. Tulipanda mbegu ya Shangi nusu eka, vikatoa maua mazuri kweli, ikaja mvua na umande wa milimani siku nne mfululizo, majani yakawa na madoa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto na chini ya jani pana kitu cheupe kama unga, wiki ya pili shamba zima limelala chini lanuka. Dawa tulipiga lakini tushachelewa. Kuna mbegu ambayo haishikwi kabisa au nyote mwapiga dawa tu?

mkulima_wa_mlimani: Pole sana dada. Huo unga mweupe ndo alama ya blaiti chelewa, ile blaiti nyengine, ya mapema, yaja na madoa ya miviringo. Isiyoshikwa kabisa hakuna. Shangi yashikwa upesi mno. Jaribu Sherekea, ile ya ganda jekundu iliyotolewa 2010, yastahimili vizuri zaidi, ila yataka miezi mitatu unusu hivi hadi minne, na dawa bado utapiga lakini mara chache. Dawa ya mankozebu pigeni KABLA ya madoa, madoa yakishaonekana dawa hiyo haiponyi jani.

Dogo_Kongowea: Mie nashusha magunia hapa sokoni, wateja waulizia Shangi tu sababu yaiva chapu na washaizoea, ukileta nyekundu wakuangalia hivi 😅 Lakini wewe mama si wauza karai? Viazi ukishamenya ukavitia unga na manjano nani atajua ganda lilikuwa rangi gani? Mteja ni wewe mwenyewe, panda inayokufaa.

binti_maabara: Dogo umesema kweli. Naongeza tu, mama usitegemee mbegu moja miaka yote, hicho kimelea chabadilika na ile kinga yaweza kuvunjwa. Ireland kwenye njaa iliyoanza 1845 wengi walitegemea aina moja ya kiazi, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Ndo maana watafiti, wakiwemo wa Uganda, walichukua jeni (chembe za urithi) TATU za viazi mwitu vya Amerika wakazitia pamoja kwa kiazi cha Victoria, ambacho sisi huku twakiita Asante, manake kuvunja tatu kwa mpigo ni kazi. Na tafadhali, vile vilivyobaki shambani msivifanye mbegu, ugonjwa walala ndani ya kiazi.

MamaKarai_Kisauni: Ya Rabi, mamamkwe ashaweka gunia zima stoo kwa mbegu!! Nampigia sasa hivi. Na vile vilivyooza tuvitupe wapi?

mkulima_wa_mlimani: Fukieni shimo refu, msivirundike kando ya shamba maana vitachipua, na vikichipua ugonjwa waanzia hapo hapo. Na vinavyoota vyenyewe msimu ujao ng'oeni vyote.

MamaKarai_Kisauni: Shukran sana, Jumamosi napanda matatu ya Voi nikasimamie mwenyewe.